Ngozi ya kichanga: namna ya kumkinga mtoto na maambukizi wiki nne za mwanzo, hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kila siku jamani. Nimwogeshe lini? Kitovu nipake nini? Hivi vipele ni vya kawaida au ni ugonjwa? Mafuta gani mazuri? Nimeona niyaweke yote sehemu moja ili mzazi anayeuliza saa nane za usiku huku mtoto kamlalia kifuani apate jibu bila kusubiri mtu aamke. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto wachanga na ni mama pia, kwaiyo haya nayaona pande zote mbili.

Nadharia kidogo tu alafu tuanze kazi. Ngozi ya kichanga ni nyembamba kuliko yako, na siku anazaliwa bado haijapata ule uchachu kidogo unaowazuia bakteria wabaya, unajijenga wenyewe taratibu siku na wiki za mwanzo. Bakteria wazuri nao ndo kwanza wanahamia. Kinga ya mwili bado inajifunza. Kwaiyo kamkwaruzo ambako kwako kangepona bila hata kukagundua, kwake ni mlango, na mdudu akishaingia kwenye damu ya kichanga mambo yanaharibika kwa masaa, sio kwa siku. Mlango mkubwa kuliko yote ni kitovu manake ni kidonda kibichi chenye mishipa iliyokuwa inaingia moja kwa moja ndani ya mwili. Mtoto njiti ndo zaidi, ngozi yake inachubuka hata kwa plasta, kama wako ni njiti fuata kwanza maelekezo ya wodi yako alafu ndo haya yangu.

Andaa hivi kabla mtoto hajafika:

- Sabuni ya kawaida ya kunawia mikono. Ya dawa sio lazima.
- Kikata kucha, cha kwako wewe sio cha mtoto.
- Kipimajoto cha kupimia kwapani. Hiki usiache, mkono kwenye paji la uso hausomi namba.
- Pamba au vitambaa laini vya mtoto peke yake, vimefuliwa na kukauka vizuri.
- Beseni la mtoto ambalo halifuliwi nguo wala kuoshewa vyombo.
- Nepi za kutosha, za kitambaa au pampasi, usije ukaanza kumhesabia mtoto.
- Krimu ya zinki au mafuta ya mgando yasiyo na manukato.
- Nguo na mashuka yaliyofuliwa kabla ya kuvaliwa, hata kama ni mapya.
- Namba ya simu ya kituo cha afya na mpango wa usafiri wa usiku. Uamue mchana, usiku akili haifanyi kazi.

Kuna vitu umeona watu wamenunua havimo hapo, na nimeviacha makusudi: poda, spiriti, dawa za kuulia wadudu za kusafishia vidonda vya watu wazima, mafuta yenye harufu nzuri, krimu ya ngozi iliyobaki kabatini. Mtoto ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, na hiyo ngozi inafyonza. Mwaka 1972 kule Ufaransa poda ya watoto ilichanganywa kimakosa na heksaklorofini, dawa ya kuua bakteria, kwa kiwango cha asilimia 6, na watoto 36 wakafa. Poda ya kupaka tu, ya juujuu. Mtu akikwambia "si unampaka tu, hanywi" mkumbushe hilo.

Na kama nguo za mtoto zilihifadhiwa na vile vidonge vya nondo vya nafthalini, usimvalishe. Kuna watoto wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinaitwa G6PD na huwezi kuwajua kwa macho, ile dawa inavunja chembe zao nyekundu za damu na wanapata manjano kali.

HATUA

1. Nawa mikono. Kila mara, kabla ya kumgusa.

Najua unaona ni kitu kidogo lakini hapa ndo kazi yote ilipo, hatua nyingine zote ukizikosea kidogo na mikono yako misafi mtoto ana nafasi nzuri kuliko ukizipatia zote na mikono michafu. Vua pete na saa, tiririsha maji, sabuni, sugua viganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba na chini ya kucha, sekunde 40 hadi 60 alafu kausha kwa kitambaa safi. Unanawa kabla ya kushika mtoto, kabla ya kunyonyesha, kabla ya kugusa kitovu, baada ya kubadilisha nepi, baada ya kutoka chooni, baada ya kushika simu. Ndio, simu, unaingia nayo kila mahali. Kucha zako kata fupi na za bandia toa kwanza, chini yake bakteria wanakaa hata ukinawa.

2. Usiharakishe kumwogesha.

Ule utando mweupe anaozaliwa nao sio uchafu. Una vitu vinavyopigana na bakteria na unalainisha ngozi, uache uingie wenyewe. Mtoto akitoka akaushwe tu, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, hapo anapata joto na anapata bakteria wa mama yake ambao ndo wanatakiwa wawe wa kwanza kuhamia, sio wa wodini. Shirika la Afya Duniani linashauri kuoga kusubiri angalau saa 24, na ikishindikana kabisa basi angalau saa 6. Damu iliyomgandia inafutwa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, basi. Kama mama ana VVU au kuna sababu nyingine, wahudumu watakuelekeza la kufanya.

3. Kitovu: kisafi, kikavu, na usipake kitu.

Hapa nitakaa kidogo manake ndo panapoua watoto.

Kwa kawaida kinadondoka kati ya siku ya 5 na ya 15, wengine wanafika wiki tatu. Kazi yako ni kukiacha kikauke kwa hewa. Nepi ikunje ibaki chini ya kitovu, isikifunike, mkojo usikifikie. Nguo iwe imelegea. Kikichafuka kwa kinyesi osha kwa maji safi na sabuni kidogo kisha kausha taratibu kwa kitambaa safi, kuanzia pale kinapoota, sio ile ncha tu. Usikivute hata kikibaki kimeshikilia kwa uzi.

Usipake majivu, mate, mafuta, poda, udongo, kinyesi cha mnyama, majani yaliyosagwa, dawa ya meno, chochote. Kwenye udongo na kinyesi kuna mbegu za mdudu wa pepopunda, akipata kitovu kilichofunikwa kisichopata hewa anastawi, na pepopunda ya kichanga inaua. Chanjo ya pepopunda aliyopata mama akiwa mjamzito inamkinga na mtoto, kwaiyo kama we ni mjamzito sasa hivi unasoma hii uliza zako zimekamilika au bado.

Mtaniuliza kuhusu ile dawa ya kitovu ya klorheksidini. Ya kitovu ni ya asilimia 7.1 na inashauriwa wiki ya kwanza kwa sehemu ambazo watu wamezoea kupaka vitu vichafu kwenye kitovu. Kama kituo chako kimekupa, tumia ulivyoelekezwa, mara moja kwa siku. Kama hawajakupa usiitafute. Na tafadhali sana: ni ya KITOVU TU. Kuna wazazi wameiweka machoni wakidhani ni dawa ya macho na watoto wakaumia vibaya macho yao. Iweke mbali kabisa na dawa nyingine yoyote ya mtoto.

4. Kuoga: mara chache, haraka, maji bila mbwembwe.

Mara mbili tatu kwa wiki inamtosha, kichanga hachezi matopeni. Siku nyingine mfute uso, shingo, makwapa na makalio tu. Funga madirisha chumba kiwe na joto, tanguliza maji baridi kwenye beseni alafu ndo uongeze ya moto, yafike nyuzi 37 au 38, jaribu kwa kiwiko. Anza na uso kwa maji matupu, malizia na makalio, ukianza na makalio unamsambazia kinyesi mwili mzima. Sabuni kama lazima iwe laini isiyo na manukato, kidogo. Dakika 5 zinatosha, zisizidi 10. Usimsugue na brashi wala dodoki.

Kosa ninaloliona sana: mtoto anaogeshwa vizuri alafu anakaushwa haraka haraka, mikunjo inabaki na maji. Kausha kwa kugandamiza, sio kusugua, shingoni, nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, katikati ya vidole, na kitovu. Kama kitovu kimelowa sio balaa, kikaushe tu.

5. Nepi.

Akijisaidia haja kubwa badilisha hapohapo, vinginevyo kila saa 2 au 3. Futa kwa maji na pamba, mtoto wa kike futa kutoka mbele kwenda nyuma, wa kiume usivute ngozi ya mbele kurudi nyuma, bado imegandana na ukiilazimisha unamchana. Mwache makalio wazi dakika kadhaa apigwe na hewa. Akianza kuwa mwekundu paka krimu ya zinki nene kama unapaka rangi ukuta, na ukibadilisha usiikwangue yote, toa yenye kinyesi iliyobaki iache.

6. Kucha zake.

Kata akiwa amelala, au ukiogopa tumia kitupa laini cha kucha. Usizing'ate kwa meno, mdomo wako una bakteria kibao na ukimchuna kidole unampandikizia palepale.

7. Wageni.

Kila anayekuja ananawa. Mwenye jipu, vipele vya usaha, kuhara au mafua makali asimbebe. Na hakuna kumbusu mtoto, usoni wala mikononi, mikono anaila. Hili gumu kwa ndugu najua, lakini mtu mwenye kale kamalengelenge ka mdomoni kanakoota akipata homa ana virusi vya hepesi, kwake ni kero ya wiki moja, kwa kichanga vinaweza kuingia kwenye ubongo na ini. Kama ni wewe mama unako, nyonyesha kama kawaida ila vaa barakoa, nawa, usimbusu, na kama kidonda kipo kwenye titi lenyewe usimnyonyeshe hilo titi mpaka uonwe.

8. Mkague kila siku, dakika mbili.

Mchana, kwenye mwanga wa dirisha, mvue nguo zote. Utosini mpaka nyayoni, fungua mikunjo. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, unaweza kuonekana zambarau au kahawia iliyokolea au usionekane kabisa, kwaiyo tumia na mkono: pana joto kuliko pembeni? Pamevimba, pamekuwa pagumu? Analia ukipagusa? Kwenye kitovu ndo usiache kugusa pembeni yake.

VIPELE: VIPI VYA KUACHA, VIPI VYA KUKIMBILIA

Vingi ni vya kuacha. Karibu nusu ya watoto waliotimiza miezi wanatoka mabaka mekundu yenye kidoa cheupe au cha njano katikati, kwa kawaida siku ya pili ya tatu hivi, asubuhi yako tumboni jioni yamehamia mgongoni, viganjani na nyayoni kwa kawaida hayatoki, na wiki moja mbili yameisha. Mtoto ananyonya na yuko sawa. Vile vidoa vyeupe puani na mashavuni ni vya kawaida pia, usiviminye. Kuna watoto, hasa weusi, wanazaliwa kabisa na vipele vinavyopasuka na kuacha madoa meusi, madoa yanafifia yenyewe kwa wiki au miezi. Vidogodogo vya shingoni na mgongoni mara nyingi ni vya joto, umemfunika mno, mpunguzie nguo. Ngozi kubanduka mikononi na miguuni hasa kwa aliyepitiliza tarehe ni kawaida.

Sasa hivi ndo sio vya kuacha:

Vipele vya usaha kinenani, kwapani, shingoni au kuzunguka kitovu, usaha wa njano, vikipasuka vinaacha kidonda kibichi au gamba, na leo vitatu kesho nane. Mara nyingi ni bakteria anaitwa stafilokokasi, yule yule anayekaa puani na mikononi mwa watu wazima. Hata vikiwa viwili aonwe siku hiyohiyo. Mwanangu wa kwanza alipata hivi siku ya nane, kabla sijasomea kazi hii, nikavipaka poda siku mbili nikijua ni joto, vikafika mgongoni. Alitibiwa akapona lakini zile siku mbili sijazisahau.

Malengelenge madogo yenye maji yamejikusanya pamoja kama kichane: hospitali sasa hivi, hata kama mtoto anacheka, inaweza kuwa hepesi.

Malengelenge makubwa au ngozi inayobanduka kama imeungua: hospitali sasa hivi.

Madoa mekundu au zambarau ambayo ukibonyeza kwa kidole au glasi hayapotei: hospitali sasa hivi.

IKIWA MAMBO HAYAENDI SAWA

"Kitovu kinanuka." Kaharufu kidogo kikiwa kinakauka sio shida. Harufu kali pamoja na usaha, au ngozi ya pembeni kuvimba, kupata joto, kuwa nyekundu au ngumu, hayo ni maambukizi na hayatibiwi nyumbani, yanaweza kupanda ndani kwa kufuata ile mishipa.

"Kimetoa damu." Matone mawili matatu kwenye nepi wakati kinadondoka ni kawaida. Gandamiza taratibu kwa kitambaa safi dakika chache, ikiendelea nenda.

"Kimedondoka kimeacha kinyama chekundu chenye majimaji." Kinatokea, kinatibika kirahisi kliniki. Usikikate wala kukifunga uzi nyumbani.

"Wiki tatu zimepita bado kipo." Mpeleke aangaliwe.

"Makalio mekundu na krimu ya zinki haisaidii siku tatu sasa." Angalia ndani ya mikunjo. Kama wekundu umeingia mpaka kwenye mikunjo na una vidoa vidogo vimeuzunguka kama visiwa, hao ni fangasi, anahitaji krimu ya fangasi ya kuandikiwa. Ile krimu ya mtu mzima ya kutuliza muwasho yenye steroidi usiipake, inaficha tatizo na inaingia mwilini.

"Matiti ya mtoto yamevimba, hata yanatoa maziwa." Ni homoni za mama, kwa wa kike na wa kiume. USIKAMUE. Ukikamua ndo unayachubua na kuingiza bakteria, alafu tunakuja kupasua jipu. Kama moja limekuwa jekundu, gumu na la moto, nenda.

"Ngozi kavu, nimpake mafuta ya kula?" Mafuta ya zeituni na ya haradali yamepimwa na yanaweza kulegeza hiyo ngozi tunayoilinda. Ukavu wa siku za mwanzo unaisha wenyewe, ukitaka kupaka tumia ya mgando yasiyo na harufu, kidogo, na usichovye vidole ambavyo hujanawa kwenye kopo.

"Nina krimu ya antibiotiki ya kaka yake." Acha. Hujui ni mdudu gani na mtoto wa wiki mbili anaweza kuhitaji sindano, sio krimu.

"Nitajuaje imeshaingia kwenye damu?" Huhitaji kujua, unahitaji kuona hata moja tu kati ya hizi: anakataa kunyonya au ananyonya kwa kulegea, joto la kwapani 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5 (kichanga mwenye maambukizi anaweza kuwa wa baridi, hili watu hawalijui), anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani au anaguna, degedege, hachezi mpaka umsukume, manjano iliyotokea ndani ya saa 24 za kwanza au iliyofika viganjani na nyayoni. Kama umemfunika sana na ana joto tu bila dalili nyingine, mpunguzie nguo upime tena baada ya dakika 15, likibaki juu ondoka. Dalili nyingine ikiwepo usipime tena, ondoka. Usimpe dawa ya homa kwanza ili "tuone kama itashuka", itashuka na ugonjwa utabaki.

Kabla ya kutoka andika joto ulilopima na saa uliyopima, lini amenyonya mara ya mwisho, lini kipele cha kwanza umekiona, na kila kitu ulichompaka, chote, hata kama unaona aibu kukisema, hakuna atakayekugombeza na daktari anakihitaji. Kipige picha kipele mchana huo manake kuna vinavyobadilika mkifika. Mbebe ngozi kwa ngozi kifuani, mfunike kichwa, mnyonyeshe njiani kama anaweza kunyonya, na mkifika mapokezi usikae foleni kimya, sema kwa sauti kwamba ni kichanga wa siku kadhaa na taja dalili uliyoiona.